Bitana ya Mifuko ya Unga

Katika miaka ya shida iliyofuata 1929, wanawake wengi wa mashambani Marekani walishona mifarishi ya viraka, na bitana yake ilikuwa mifuko ya unga ya pamba. Jina la kiwanda walilifua kwa sabuni, wala halikutoka sikuzote.

Mfuko wa ratili 100 ukifumuliwa hutoa kitambaa cha karibu inchi 36 kwa 42. Tukiunganisha minne, mishono hula inchi moja kwa upana na moja kwa urefu. Zasalia 71 kwa 83. Tena bitana sharti izidi mfarishi inchi 3 kila upande, maana hukazwa katika kiunzi. Basi mfarishi hauzidi 65 kwa 77. Aliyekata viraka vya mfarishi mkubwa kabla ya kuhesabu, twamhurumia: alingoja mifuko miwili zaidi iliwe, na baridi imekwisha kuingia.