Mavi ya Chuma

Ndugu msomaji, kichwa cha habari kisikutie kinyaa. Mavi ya chuma ni Kiswahili safi: ni ule uchafu mweusi, mgumu, unaobaki baada ya chuma kuyeyushwa kutoka kwenye mtapo, yaani mawe au mchanga wenye chuma ndani yake. Mimi, kijana niliyeishia kidato cha nne, nimo mbioni kuandika riwaya ambayo shujaa wake ni mhunzi. Katika kumtafutia maneno nimekuta historia nzima imo humo.

Kuna watu husema eti ufundi wa chuma tuliletewa na meli. Hebu twende Buhaya, mkoani Kagera. Kule wazee walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakachoma matete ya kinamasi ndani ya shimo lake, wakapanga mtapo na makaa. Kisha wakapiga mivuo kwa saa nyingi, upepo ukiingia motoni kupitia kewa, bomba la udongo. Mwaka 1976 wazee walioikumbuka kazi hiyo waliifanya upya mbele ya watafiti. Mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery wakaandika katika jarida la Science kwamba ufundi huo ulikuwepo pale miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, na kwamba ulitoa chuma cha pua. Si mchezo!

Ufipa nako walijenga malungu, tanuri ndefu kumpita mtu, zilizovuta upepo zenyewe bila mivuo. Jembe la huko lililima, na lilitolewa mahari pia. Chombo kimoja, kulimia na kuolea!

Basi yakaja majembe ya Ulaya kwa bei rahisi, pamoja na vyuma chakavu. Mhunzi akaendelea kufua, lakini mtapo hakuuhitaji tena. Tanuri zikazimika.

Yamebaki maneno. Sisi twasema kufua chuma. Wakikuyu husema tura, na mhunzi kwao ni muturi. Shina ni moja, na ni la kale kuliko duka lolote la vyuma.

Waandishi wenzangu, mkimleta mhunzi katika hadithi zenu, mpeni koleo, fuawe na mivuo yake. Tukiyaacha maneno haya yafe, hao wanaosema tuliletewa kila kitu tutawajibu kwa lugha gani?