Mto wa Chomboni: Kutoka Jamvi hadi Sponji

Leo tunazungumzia jambo dogo la kukaliwa, ambalo lilitutia aibu kwanza kabla ya kutufunza.

Mwaka jana nahodha mmoja alikuja kwenye banda letu la cherehani. Mashua yake ndogo ina mbao mbili za kukalia, moja kila upande karibu na shetri, na abiria wake, wengi wao akina mama, walilalamikia mgongo na nyonga. Tukamshonea mito minane ya sponji nene, foronya za maua, mishono imenyooka. Wiki tatu baadaye akairudisha. Ilikuwa mizito kama magunia ya mpunga uliolowa, na inanuka. Mmoja ulikuwa umeangukia baharini, ukanywa maji, ukashuka kabla hajageuza chombo. Akatuuliza, "Wanangu, mmenishonea mito au mmenishonea ndoo?"

Tulirudisha pesa zake, kisha tukaanza kuuliza wazee. Watu wa kale walikaa vipi?

Kwanza, walikaa chini. Kwenye madau na mashua za zamani, abiria hakuwa na kiti chake. Chini kulikuwa na farumi ya mawe au mchanga, juu yake mizigo, na juu ya mizigo likatandikwa jamvi. Ilikuwa na maana. Chombo kikibisha, watu wanatakiwa wahamie joshini haraka ili kisilale, na jamvi halimzuii mtu kuhama. Tena jamvi likilowa, linakung'utwa na kuanikwa.

Sisi washonaji tuna haki ya kujivunia habari hii. Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu. Mtepe wa Lamu uliendeleza kazi hiyo hadi karne ya 20: mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake ni la mkeka. Wengi wetu tuliuona mfano wake Beit al-Ajaib, kabla sehemu ya jengo haijaporomoka Desemba 2020. Mtepe ulivuja, maji yakatekwa safari nzima. Hakuna aliyefikiria kuweka humo kitu kinachofyonza maji.

Pili, ukaja mto wa usufi. Bibi zetu walijaza usufi kwenye magodoro na mito ya nyumbani kwa kuwa msufi ulikuwepo uani. Lakini ng'ambo, usufi ulipendwa kwa sababu nyingine. Kila unyoya wake una uwazi ndani kama mrija, na una nta ya asili inayokataa maji. Ndiyo maana unaelea, na unaweza kubeba hadi mara 30 ya uzito wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulichukua nafasi ya gome la koki katika majaketi ya kuokolea. Marekani walishona mito ya usufi ya kukalia kwenye boti ndogo, yenye mikanda miwili ya mkono, ili mtu akianguka majini arushiwe kiti kilekile alichokuwa amekikalia.

Usufi mwingi wa dunia ulitoka kisiwa cha Java. Japani ilipokiteka mwaka 1942, Marekani ilikosa wa kujazia majaketi, na mwaka 1944 watoto wa shule walipelekwa mashambani kukusanya nyuzi za gugu liitwalo milkweed. Kitu kinachorushwa na upepo uani kwetu, wengine walikitafuta porini ili kuokoa roho za mabaharia.

Tatu, sponji. Asili yake ni kazi ya Otto Bayer nchini Ujerumani mwaka 1937, na kuanzia miaka ya 1950 ilienea kwenye viti na magodoro. Ni laini, rahisi, na haikunjamani. Lakini vitundu vya sponji ya godoro viko wazi, kimoja kimeingia kwa chenzake, na maji hupita humo bila hodi. Usufi ukasahaulika, nasi tukasahau swali lake: je, kikilowa?

Jibu tulilipata ufukweni. Malapa yaliyotupwa yanaelea miaka na miaka, kwa sababu vitundu vyake vimefungwa. Ile jahazi ya Flipflopi, iliyojengwa Lamu kwa taka za plastiki na kuzinduliwa mwaka 2018, ilivishwa malapa mwili mzima.

Basi tulimshonea nahodha upya. Chini tuliweka povu gumu la aina ya malapa, juu tabaka jembamba la usufi ndani ya mfuko wa nailoni ulioshonwa na kuzibwa, kwa sababu usufi nao ukikandamizwa na kulowa miaka mingi huchoka. Foronya ni ya turubai, upande wa chini tumetia wavu ili maji yatoke. Uzi ni wa poliesta, maana wa pamba huoza, na zipu ni ya plastiki, maana ya chuma hushika kutu. Kila mto una mikanda miwili ya mkono, na umefungwa ubaoni kwa fundo la kuvuta mara moja. Tulimwambia wazi kwamba mto huu hauchukui nafasi ya jaketi la kuokolea.

Kabla ya kulipa, aliutupa mmoja majini mbele yetu. Akavuta sigara nzima akiutazama. Ulikuwa bado juu.

Dada, kama kuna mto wa usufi wa bibi yako umerundikwa stoo, usiutupe. Ufumue, uanike usufi wake, kisha uje tuukate pamoja.