Jando na Unyago wa Nachingwea na Ruangwa: Hofu, Tuzo na Kumbukumbu

Kabla ya shule za serikali kuenea, elimu kubwa ya Wamwera na majirani zao Wamakua, Wayao na Wamakonde katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ilikuwa jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana. Elimu hiyo haikuwa na daftari wala kitabu. Nyimbo, mafumbo, miiko na adabu alizofundishwa mwali, yaani kijana anayefundwa, zilitakiwa zikae kichwani mpaka uzeeni, na mtu mzima aliyeshindwa kujibu fumbo la kumbini, yaani kambi ya mafunzo, alihesabiwa kuwa hajachezwa. Kwa hiyo utaratibu mzima, tangu siku ya kuingia hadi siku ya kutoka, ulipangwa kwa namna ya kuitia kumbukumbu nguvu: hofu mwanzoni, marudio katikati, tuzo mwishoni.

Msimu wake ulikuwa kiangazi, baada ya mavuno, maghala yakiwa yamejaa na pombe ya kutosha imepikwa. Wakuu wa shughuli waliitwa manyakanga. Kwa wavulana palikuwa na ngariba, na kwa wasichana makungwi. Wavulana, wengi wao wa miaka 7 hadi 12 hivi, walikesha ngomani, kisha wakapelekwa porini alfajiri. Hapo ngoma zilipigwa kwa nguvu zaidi, na wanaume wakaimba kwa sauti ya juu, ili kilio cha anayetahiriwa kisiwafikie wanaosubiri zamu. Wanaosubiri, bila shaka, walijua maana ya kelele hizo. Baada ya kisu ndipo maisha ya kumbini yalipoanza, yakichukua majuma na pengine miezi: baridi, chakula chenye masharti, na kila usiku nyimbo zilezile na mafumbo yaleyale mpaka kila mmoja ameyashika. Aliyekosea alionja fimbo.

Siku ya kutoka ilikuwa kinyume chake kabisa. Kumbi lilichomwa moto, na vijana wakakimbizwa kuelekea nyumbani bila kuruhusiwa kutazama nyuma. Walioga, wakanyolewa, wakapakwa mafuta, wakavishwa nguo mpya na kupewa jina jipya. Mama aliyekaa majuma mengi bila kumwona mwanawe alipiga vigelegele, na ndugu wakamtunza mwali kwa chochote walichokuwa nacho. Mpaka leo mwali hutolewa kwa mbwembwe katika vijiji vya huko: hubebwa mabegani na kufunikwa kwa mwavuli, noti zikibandikwa kwenye paji la uso lenye jasho.

Habari za maandishi kuhusu shughuli hizi zilianza kupatikana mapema. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alitoka Lindi kwenda Masasi na Newala, akapita katika nchi ya Wamwera iliyokuwa bado na majeraha ya vita vya Maji Maji. Alishuhudia unyago kwenye uwanda wa Makonde na kurekodi nyimbo kwa fonografu ya mitungi ya nta. Wamisionari walikuwa na shida yao. Waliona kwamba Mkristo aliyekatazwa jando alikuwa mtoto tu machoni pa wenzake, hata akiwa na ndevu. Vincent Lucas, Mwanglikana aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, hakuifuta desturi hiyo. Akishirikiana na makasisi Waafrika alitengeneza jando la Kikristo, lenye tohara, kumbi na siku ya kutoka kama kawaida, lakini sala na mafundisho ya dini yakachukua nafasi ya matambiko. Inaelekea mapadri hao Waafrika, waliopitia jando wenyewe, walielewa vizuri kuliko Waingereza kwamba somo lisilo na kumbi halingeshika.

Sababu za somo la kumbini kushika kichwani zilianza kueleweka katika maabara za mbali. Mwaka 1953 daktari William Scoville wa Marekani alimwondolea Henry Molaison, mgonjwa wa kifafa, sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo Molaison hakuweza kuhifadhi jambo jipya la maisha yake. Hapo ilidhihirika kwamba hipokampasi ndiyo lango la kumbukumbu za matukio. Jirani yake ni amigdala, kijisehemu kidogo kinachoshughulika na hatari. Mtu akiogopa, tezi za adrenali humwaga adrenalini na baadaye kotisoli, ndani ya ubongo hutoka noradrenalini, na amigdala huisukuma hipokampasi ikaze zaidi kile kinachotokea wakati huo. Mwaka 1994 Larry Cahill, James McGaugh na wenzao, huko California, waliwasimulia watu kisa cha mtoto aliyepata ajali. Baada ya wiki moja, wasikilizaji wa kawaida walikumbuka zaidi sehemu ya kuhuzunisha. Waliokuwa wamemeza propranololi, dawa inayozuia kazi ya adrenalini, hawakuonyesha tofauti hiyo.

Upande wa tuzo, James Olds na Peter Milner waligundua huko Montreal mwaka 1954 kwamba panya hubonyeza kitufe bila kuchoka ili kusisimuliwa sehemu fulani za ubongo wake. Baadaye ilifahamika kwamba njia hizo hutegemea sana dopamini. Wolfram Schultz, akichunguza nyani katika miaka ya 1980 na 1990, alionyesha kwamba seli za dopamini huchangamka zaidi tuzo inapozidi matarajio, na hunyamaza tuzo iliyotarajiwa isipokuja. Kijana aliyelala kumbini majuma kadhaa akiambiwa huenda simba atamla, kisha akapokewa kama mfalme, alipata tuzo iliyopita mbali matarajio yake.

Hata hivyo sayansi haiyathibitishi yote ya manyakanga. Hofu ya muda mfupi hukaza kumbukumbu; msongo wa muda mrefu huidhoofisha hipokampasi yenyewe. Kukesha nako kunaharibu, kwa kuwa ubongo hupanga mambo ya mchana wakati wa usingizi. Tena, kumbukumbu kali si lazima iwe sahihi: mzee anaweza kuiona wazi asubuhi ya kisu chake na bado akawachanganya waliomshika. Huenda kilichohifadhi nyimbo kwa vizazi hakikuwa hofu peke yake bali marudio ya kila usiku na ya kila msimu, mwali wa jana akirudi kumbini kama mlezi wa mwali wa leo.

Utaratibu huo ulianza kubanwa mwaka 1947, Waingereza walipoichagua Nachingwea kuwa mojawapo ya sehemu tatu za mradi wa karanga, pamoja na Kongwa na Urambo. Mapori yalisafishwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani, na wanaume wakaanza kuhesabu siku kwa mshahara. Mradi ulikufa 1951. Fedha taslimu ilibaki, na baadaye korosho ikaiongeza. Katika miaka ya 1970 vijiji vya ujamaa na elimu ya msingi kwa wote vilimaliza miezi ya kumbini. Siku hizi jando na unyago vimesogezwa kwenye likizo za Juni na Desemba, na walimu hulalamika pale sherehe zinapoingilia masomo au msichana anapoonekana ameiva kwa ndoa kabla ya kumaliza shule.

Tohara nyingi hufanyika zahanati au hospitalini, kwa ganzi na wembe safi, jambo lililopunguza vifo vya pepopunda na hatari ya virusi vya Ukimwi. Kwa mtoto anayetahiriwa hivyo maumivu ni machache, kumbi ni la muda mfupi, na mafunzo hubanwa katika wiki mbili au tatu. Kilichokua ni upande wa tuzo: muziki wa spika, sare za ndugu, picha za simu, na fedha za korosho za msimu mzima zinazotumika kwa siku moja.