Dini ya Bibi Salme

Tarehe 30 Mei 1867, katika kanisa la Kiingereza mjini Aden, mwanamke wa miaka 22 alibatizwa na kuolewa kwa siku moja. Aliingia kanisani akiwa Salme binti Said, mmoja wa mabinti wa Sayyid Said bin Sultan aliyetawala Omani na Unguja. Alitoka akiitwa Emily, mke wa Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana wa Hamburg. Ibada ya Kianglikana ya kumbatiza mtu mzima ina maswali yake: je, unamkataa shetani na kazi zake, je, unaamini? Majibu ni mafupi, nayo yameandikwa tayari kitabuni. Hiyo ndiyo iliyokuwa kauli yake ya kwanza ya imani mpya, na haikuwa na neno hata moja alilolitunga yeye.

Maneno yake mwenyewe yalichelewa. Yalipokuja, yalikuja kwa Kijerumani, lugha ambayo siku ile ya Aden alikuwa bado hajaimiliki, na yalikuja kwa njia mbili zisizolingana. Moja ni kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapishwa Berlin mwaka 1886. Nyingine ni maandishi marefu ya mtindo wa barua, aliyomwelekezea rafiki wa kike wa Unguja bila kumtaja jina, ambayo hayakuchapishwa maishani mwake. Anayesoma kitabu peke yake atadhani amekwisha kumjua mwanamke huyu na dini yake. Akizisoma na barua ataona kwamba kitabu kilikuwa baraza, pale mgeni anapokaribishwa kahawa na mazungumzo ya heshima. Milango ya ndani ilikuwa imefungwa.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkasi aliyetekwa angali mtoto. Nyumba ya Sayyid Said ilifuata madhehebu ya Ibadhi, ilhali wengi wa Waislamu wa mjini walikuwa Mashafii, na pande zote mbili zilikwisha kuzoeana. Watoto wa jumbani walitiwa chuoni kusoma Kurani, wasichana wakiishia kwenye kusoma. Kuandika hakukuhesabiwa kuwa kazi yao. Salme aliiba elimu hiyo. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao, akanakili herufi za msahafu kwa siri hadi mkono ukakubali. Kalamu iliyokuja kumwandika kuwa Mkristo ilianza kazi yake kwenye msahafu.

Kuna jambo jingine analolieleza juu ya chuo. Watoto walihifadhi aya bila kufasiriwa, na kudadisi maana kulionekana kuwa utovu wa adabu, kilichofundishwa kilipokewa. Msomaji wa Ulaya wa mwaka 1886 aliyasoma hayo kama kasoro ya elimu, na huenda mwandishi mwenyewe, baada ya miaka mingi ya Ujerumani, alianza kuyaona hivyo. Lakini dini aliyolelewa nayo haikuwa jambo la kuelezwa. Ilikuwa udhu na sala tano. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani ambapo jumba zima liligeuza usiku kuwa mchana. Ilikuwa sikukuu mbili na zawadi zake, kanuni za eda na maombolezo, jina la Mungu kabla ya tonge la kwanza. Hata mambo ambayo wanazuoni wasingeyabariki, kama vile mashetani wa kupungwa na nadhiri zilizowekwa penye chemchemi iliyoaminiwa kuwa na mwenyewe, yalikuwa ndani ya mzunguko huo huo. Hakuna aliyemtaka binti wa Mtoni aseme anaamini nini, kwa kuwa kila saa ya siku ilikwisha kusema kwa niaba yake.

Mzunguko huo ulikatika hatua kwa hatua. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Kipindupindu cha mwaka 1859 kilimchukua Jilfidan. Mwaka huo huo Salme alijiingiza katika njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Majid, aliyekuwa akitawala. Na kwa kuwa alijua kuandika, akawa karani wa waasi akiwa na miaka 15. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na ndugu waliomtazama kwa jicho la pembeni. Miaka kadhaa baadaye alikaa mjini jirani na Ruete. Alipopata mimba na habari zikaanza kunong'onwa, hatari ilikuwa ya maisha. Agosti 1866 manowari ya Kiingereza, Highflyer, ilimchukua hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, akamngojea Ruete amalize shughuli zake za Unguja. Mtoto yule hakufika Hamburg. Alifariki wakiwa safarini. Kitabu cha mwaka 1886 kinapita juu ya mimba na mtoto bila neno.

Basi Salme hakuhubiriwa akashawishika. Alipenda, akakimbia, na ubatizo ulikuwa daraja pekee lililoweza kumfikisha upande wa pili. Unguja ya miaka ile ilikuwa na waongofu wa namna nyingine kabisa. Misheni ya Vyuo Vikuu ilihamia kisiwani mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Mwaka 1887, mwaka mmoja tu baada ya kumbukumbu za Salme, A. C. Madan alitoa kitabu cha habari zilizoandikwa na wavulana wa shule ya Kiungani. Wavulana wale walikuwa wamepoteza kila kitu kabla ya kubatizwa; Salme alipoteza karibu kila kitu kwa kubatizwa. Wao walikuwa na walimu, wenzao, na hadithi yenye mwanzo wa giza na mwisho wa nuru, iliyowangoja kama kanzu iliyokwisha kushonwa. Kama iliwabana mabegani ni swali la siku nyingine. Salme hakupata hata ya kuazima.

Lugha yake ya utotoni nayo haikumsaidia. Kiswahili kina dini na kina imani. Dini huonekana: mtu huingia, hutoka, hubadili, na jirani anajua. Imani hukaa ndani, na siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini aliyevuka mpaka hupewa jina moja kati ya mawili tu: amesilimu, au ameritadi. Hakuna neno la mtu ambaye mwili wake umepanda chombo na moyo umebaki gatini. Badala ya neno ipo methali, mwacha asili ni mtumwa, ambayo kwa binti wa sultani na suria ilikuwa na makali ya pekee.

Kuritadi, tena, hakukuwa jina tu. Sheria ya mirathi haimrithishi murtadi. Mwaka 1870 Ruete alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia mkewe watoto watatu, mkubwa wao hajatimiza miaka 3. Miezi michache baadaye Majid naye alifariki, na Barghash akakalia kiti. Mjane akaanza kutafuta haki yake katika mali ya baba na ya ndugu waliokufa. Mwaka 1875 alikwenda London wakati Barghash alipozuru huko, akazuiwa kumfikia. Mwaka 1885 alirudi Unguja kwa meli Adler, akiwa kete katika mchezo wa Bismarck, manowari za Kijerumani zikiwa zimetia nanga mbele ya kasri. Watu wa mjini walimzunguka kwa shangwe barabarani. Kaka yake hakumpokea.

Kwa hiyo kila alichokisema hadharani kuhusu dini kilikuwa na bei. Akijitangaza Mkristo kamili, anaithibitisha hoja ya kumnyima urithi. Akijitangaza Mwislamu, anawatia mashaka Wajerumani aliowategemea, na anawaweka pabaya watoto wake waliobatizwa. Kitabu cha mwaka 1886 kiliandikwa juu ya ncha ya kisu hicho. Ndiyo maana sehemu yake kubwa ni utetezi: Waislamu si kama mnavyowadhania, wanawake wa Mashariki si wafungwa kama mlivyosoma. Mengi ya hayo yalihitaji kusemwa. Utetezi wake wa utumwa, hata hivyo, ni doa la kitabu kile, na inashangaza zaidi kwa kuwa umetoka kwa mtoto wa mwanamke aliyetekwa. Kuhusu imani yake mwenyewe anasema kidogo sana. Mahali pamoja anajipima kwa ukali: Uislamu aliotoka nao kwao anaupa alama kamili, Ukristo wake wa sasa anauona dhaifu, na Ujerumani wake anaukadiria kuwa umepita nusu kidogo. Kisha anaendelea na habari nyingine, kama mtu aliyeufungua mlango kwa bahati mbaya akaurudisha haraka.

Barua zinauacha mlango huo wazi. Zinaanza na safari ya kutoka Aden, na tangu kurasa za mwanzo anakiri kile ambacho kitabu kilikificha: kwamba jina la Kikristo lilitangulia na moyo haukulifuata, na kwamba kujionyesha kwa nje vile ambavyo ndani bado hakuwa kulimlemea. Baridi, chakula, nyumba zilizojaa vitu, watu waliomkazia macho, vyote vimo. Lakini mzigo wa dini unarudi tena na tena, hasa katika kurasa za kifo cha mumewe, ambazo ni nzito kuliko zote alizoandika. Mtu aliyefiwa ugenini anahitaji kanuni: nani anaosha, nani anasoma, siku ngapi za kukaa. Kanuni alizozijua hazikuwa na nafasi Hamburg, na zile za Hamburg hazikuwa zake.

Kwa nini aliweza kusema katika barua alichoshindwa kukisema katika kitabu? Usiri ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni yule anayeambiwa. Katika kitabu anazungumza na Wajerumani, hivyo lazima aeleze sala ni nini, funga ni nini, eda ni nini. Nguvu zote zinaishia kwenye kufafanua na kutetea. Katika barua anazungumza na mtu wa kwao, ambaye hahitaji kufafanuliwa sala. Kinachohitaji ufafanuzi sasa ni Ulaya, na yeye mwenyewe. Mtu hawezi kukiri udhaifu wa imani yake huku akiilinda mbele ya wasioijua.

Na hapa pana jambo la kuhuzunisha. Barua hizo kwa rafiki wa Unguja zimeandikwa kwa Kijerumani. Huenda rafiki huyo ni wa kubuni, huenda alikuwapo. Vyovyote iwavyo, ni vigumu kumpata mwanamke wa Unguja wa miaka ile ambaye angeweza kuzisoma. Salme aliijua lugha ya kumfikia mwenzake, Kiswahili na Kiarabu vyote viwili, na Kiarabu alikifundisha kwa malipo huko Ujerumani. Lakini mambo aliyotaka kusema yalikuwa yamemtokea katika Kijerumani. Alikuwa na sikio la nyumbani na maneno ya ugenini, na havikukutana.

Wanazuoni wa Kiibadhi wana istilahi ya kitmani, hali ya waumini kuishika dini yao kwa siri wanapokuwa hawana nguvu. Inashawishi kumvisha Salme joho hilo, hasa kwa msomaji anayetamani arudi nyumbani akiwa msafi. Halimkai. Kitmani ni hali ya jumuiya, naye alikuwa peke yake. Na mtu anayeficha hujua anachokificha. Wale wanaomtaka awe Mkristo aliyeona nuru nao hawana cha kushika. Salme wa barua ni mtu aliyejiuliza kwa uaminifu na mara nyingi hakupata jibu, na hilo halipunguzi heshima yake.

Mwaka 1888 alijaribu Unguja kwa mara ya mwisho, akashindwa. Hakurudi Ujerumani; alikaa Jaffa, kisha Beirut, hadi mwaka 1914, katika miji ambayo adhana ilisikika tena na Kiarabu kilikuwa lugha ya sokoni. Huko aliandika kuhusu mila na desturi za watu wa Shamu. Kuhusu dini yake hakuchapisha neno zaidi. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924.

Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, aliyakabidhi makusanyo ya familia kwa Leiden, Uholanzi. Barua zilichapishwa mwaka 1993 kwa tafsiri ya Kiingereza, zikawafikia wasomaji wengi kwa mara ya kwanza katika lugha ambayo si ya aliyeandika wala ya aliyeandikiwa. Kasri la zamani la Forodhani lilimtengea chumba alipogeuzwa kuwa sehemu ya makumbusho. Kaburi lake liko Ohlsdorf, Hamburg, pamoja na watu wa ukoo wa mumewe, na inasimuliwa kwamba alizikwa na mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja. Juu ya jiwe wamechonga mstari wa mshairi wa Kijerumani, Theodor Fontane, unaozungumzia mtu apendaye kwao.