Nani Alipie Dawa ya Bibi?

Bibi yangu wa Bugarama alikuwa na tabia ya kukata vidonge vyake vya shinikizo la damu katikati. Nilipokuwa darasa la sita nilimuuliza sababu, akanijibu, "Mjukuu wangu, nusu leo, nusu kesho." Kadi ya mituweli alikuwa nayo. Lakini siku dawa ilipokosekana kituoni, ilibidi tuinunue dukani kwa fedha taslimu, na huko kadi haikupokelewa. Katika insha hii nitaeleza historia ya malipo ya dawa nchini kwetu Rwanda, kisha niseme kama ni haki mgonjwa kulipia dawa.

Wazo la kumtoza mgonjwa halikuanzia kwetu. Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya bure mwaka 1948, lakini kufikia 1952 kila cheti cha dawa kilitozwa shilingi moja. Barani Afrika wazo hilo lilipata nguvu mwaka 1987, mawaziri wa afya walipokutana Bamako, Mali, pamoja na WHO na UNICEF. Serikali zilikuwa na madeni na dawa zilikuwa haba. Ilikubaliwa kwamba wananchi wachangie gharama ya dawa, na fedha hizo zibaki kwao kununulia nyingine.

Kwetu, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, matibabu yalitolewa bure kwa misaada. Mwaka 1996 malipo yalirudishwa. Mwaka 1997 wastani wa mahudhurio vituoni ulikuwa 0.3 kwa kila mtu. Kufikia 1999 ulishuka hadi 0.25. Yaani watu wanne kwa pamoja walikwenda kituoni mara moja tu kwa mwaka mzima. Katika nchi yenye malaria, hiyo si dalili ya uzima. Wagonjwa walibaki nyumbani.

Ndipo mituweli ilipojaribiwa, Julai 1999, katika wilaya za afya za Byumba, Kabgayi na Kabutare. Familia ya hadi watu saba ililipa faranga 2,500 kwa mwaka, na mwanachama akiugua alitoa faranga 100 tu kituoni, dawa zikiwemo. Waliojiunga walikwenda kutibiwa mara nyingi kuliko wasiojiunga. Baadaye mpango ulienea nchi nzima. Tangu 2011 mchango ulifuata uwezo wa kaya kwa makundi ya ubudehe: faranga 2,000, 3,000 au 7,000 kwa mtu, na maskini kabisa walilipiwa. Mgonjwa alibaki na faranga 200 kituoni, na asilimia 10 ya gharama hospitalini.

Wapo wanaosema malipo hayo madogo yanafaa, kwa kuwa kitu cha bure hakithaminiwi. Mimi sikubaliani nao. Hakuna anayemeza dawa ya shinikizo la damu kwa starehe. Tena faranga 200 kwa mwenye mshahara si sawa na faranga 200 kwa mkulima anayesubiri mpunga uive.

Hata hivyo, historia inatuonya pia kuhusu neno "bure". Uganda ilifuta malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001. Wagonjwa, hasa maskini, waliongezeka sana, lakini dawa mara nyingi ziliisha, wakarudi kununua madukani. Rafu tupu nayo ni malipo, tena makubwa kuliko yote.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mchango wa mwaka ubaki, kila mtu kwa uwezo wake, maana haba na haba hujaza kibaba. Lakini mtu akishaugua asidaiwe tena, hasa mwenye ugonjwa wa kudumu. Na kituo kikikosa dawa, mituweli igharamie itakapopatikana, si mgonjwa.

Bibi alipata kiharusi mwaka 2019. Siwezi kudai kwamba chanzo ni zile nusu za vidonge. Mimi ni mwanafunzi wa historia, si daktari. Ninachojua ni kwamba alilipa mchango wake kila mwaka bila kukosa, na bado alilazimika kukata kidonge katikati.