Sikio la Aliyebaki Nyumbani

Juma hili nazungumzia jambo linaloingia majumbani mwetu kila Jumapili kwa njia ya simu na televisheni, nalo ni ibada zinazorushwa moja kwa moja kutoka makanisani. Makanisa mengi siku hizi yananunua kamera, taa na viwambo vikubwa. Si jambo baya. Lakini historia ya matangazo ya ibada, yenye umri wa zaidi ya miaka mia moja, inatufundisha kwamba wengi wetu tunaanzia mwisho.

Naomba nianze na nyumbani. Mama yangu, ambaye umri umekwenda, alianguka mwaka juzi akavunjika nyonga, na tangu hapo haendi kanisani. Nikamnunulia simu yenye kioo kikubwa ili afuatilie ibada ya usharika wake. Jumapili ya kwanza nilikaa naye kitandani. Picha ilikuwa safi ajabu, hata maua ya madhabahuni ungeweza kuyahesabu. Mchungaji alipoanza kuhubiri, mama aliisogeza simu sikioni, akaiweka mbali, akaisogeza tena, kisha akaniuliza: "Mwanangu, leo mchungaji anahubiria ndani ya pipa?" Haikupita robo saa akaizima. Akasema basi, atajisomea zaburi peke yake. Mimi ambaye kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini ni kupeleka sauti za watu majumbani, niliona haya.

Turudi nyuma kidogo. Ibada inayotajwa kuwa ya kwanza kutangazwa redioni ilifanyika tarehe 2 Januari 1921, katika kanisa la Calvary, la madhehebu ya Kiepiskopali, mjini Pittsburgh, Marekani. Kituo cha KDKA, mali ya kampuni ya Westinghouse, kilikuwa na umri wa miezi miwili tu. Mmoja wa mafundi wa kampuni hiyo alikuwa mwanakwaya wa kanisa hilo, na ndiyo njia wazo lilivyopenya. Mchungaji kiongozi hakulichangamkia sana jambo lenyewe, hivyo msaidizi wake ndiye aliyehubiri siku hiyo. Inasimuliwa kwamba mafundi wawili, mmoja Myahudi na mwingine Mkatoliki, walivishwa majoho ya kwaya ili waumini wasiwashangae.

Hebu tuitafakari picha hiyo. Mafundi walifichwa ndani ya majoho, na hakuna msikilizaji hata mmoja aliyeona chochote. Alichopata yule aliyekuwa nyumbani ni sauti peke yake. Kama sauti ingeshindwa, ibada nzima ingekuwa imeshindwa. Kwa hiyo walilazimika kumfikiria yeye kwanza.

Uingereza nako mambo hayakuwa mepesi. Mwezi Aprili 1923, mtoto wa mfalme, Duke wa York, alipofunga ndoa katika kanisa la Westminster Abbey, BBC waliomba kuitangaza ibada ile wakakataliwa. Moja ya hofu zinazokumbukwa mpaka leo ni kwamba wanaume wangeisikiliza wakiwa vilabuni, kofia kichwani. Miezi michache baadaye, tarehe 6 Januari 1924, kasisi Dick Sheppard alifungua milango ya kanisa lake la St Martin-in-the-Fields, London, na BBC wakarusha ibada kutoka humo. Wakubwa wa Westminster walijiuliza heshima ya ibada itakuwaje. Sheppard alijiuliza kuhusu mgonjwa na mzee asiyeweza kufika.

Picha ilikuja baadaye. Tarehe 2 Juni 1953, malkia Elizabeth II alipotawazwa katika Abbey hiyo hiyo, kamera za televisheni ziliruhusiwa kuingia, baada ya kukataliwa mwanzoni. Hata hivyo tendo la kumpaka mafuta, lililo takatifu kuliko yote, halikuonyeshwa. Kwa maneno mengine, hata ilipopata ruhusa, picha iliwekewa mpaka.

Na sisi huku hatukuwa watazamaji tu. Mwaka 1963 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilizindua kituo cha Sauti ya Injili mjini Addis Ababa, Ethiopia. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi, vikarekodiwa kwenye kanda, kanda zikasafirishwa hadi Addis Ababa, ndipo vikarudi kwetu kwa masafa mafupi. Wazee mnaoyakumbuka masafa mafupi mnajua jinsi sauti ilivyokuwa ikipanda na kushuka kama upepo. Sauti iliyotoka studio ikiwa chafu ingefika kijijini ikiwa haifai kitu. Kituo kile kilitwaliwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia mwezi Machi 1977, lakini mama yangu bado anayakumbuka mahubiri aliyoyasikia enzi zile. Hakuna aliyehubiri ndani ya pipa.

Kisha ukaja mwaka 2020 na ugonjwa wa korona. Hapa Tanzania makanisa hayakufungwa. Kwa jirani zetu Kenya nyumba za ibada zilifungwa mwezi Machi, na ziliporuhusiwa kufunguliwa mwezi Julai, sharti lilikuwa watu wasizidi 100 na ibada isizidi saa moja. Makanisa yakajifunza kurusha ibada kwa haraka, simu ikisimamishwa mbele ya madhabahu. Ilikuwa dharura, hakuna wa kulaumiwa. Kosa ni kwamba dharura imeisha na mazoea yamebaki. Tumebadilisha simu kwa kamera ya bei kubwa, lakini sauti bado inachukuliwa na kipaza sauti kidogo kilichomo ndani ya kamera, huko nyuma karibu na mlango.

Sababu ya lile pipa ni nyepesi. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inayotoka moja kwa moja kinywani hupungua kwa desibeli 6, lakini mwangwi wa kuta na bati haupungui hivyo. Aliyeketi ndani ya kanisa ana masikio mawili na ubongo wa kuuchuja mwangwi. Kipaza sauti kimoja hakina ubongo, kinabeba vyote.

Nilikwenda kumwona kijana anayeshughulikia mitambo ya usharika ule. Alinipokea vizuri. Tukachukua waya kutoka kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, ile wanayoiita mikisa, tukaupeleka kwenye kompyuta inayorusha ibada. Maneno ya mchungaji yakawa wazi papo hapo, lakini ngoma za kwaya zikafifia, kwa kuwa kanisani zinasikika zenyewe bila kupitia mashine. Waumini nao wakatoweka kabisa, kana kwamba mchungaji anahubiria viti vitupu. Tukaweka kipaza sauti kimoja kwa ajili ya ngoma na kingine juu ya waumini, halafu kijana akavaa spika za masikioni akapima mchanganyiko wa aliye nyumbani, ambao ni tofauti na wa aliye ndani. Vifaa vyote hivyo havikufikia bei ya kamera moja.

Wazee wa kanisa, wachungaji na kamati za ujenzi mnaonisikia, naomba mfanye jaribio moja kabla ya mchango unaofuata. Jumapili moja mmoja wenu abaki nyumbani, afumbe macho, asikilize mahubiri mpaka mwisho, kisha aje awaeleze amesikia nini.

Jumapili iliyofuata nilikwenda tena kwa mama. Nilimkuta ameilaza simu kifudifudi juu ya godoro, kioo chini. Nikamuuliza kama imeharibika. Akanionyesha kwa kidole ninyamaze. Ibada ilipokwisha akasema: "Nimemsikia jirani yangu akiitikia amina. Kumbe amepona."