Imani na Haki ya Habili: Tafakari ya Kihistoria kutoka Shinyanga na Geita

Utangulizi

Habari za Habili ni fupi kuliko za mashahidi wengi wa imani. Kitabu cha Mwanzo hakitupatii hata neno moja alilolisema akiwa hai. Alizaliwa, akachunga kondoo, akatoa sadaka, akauawa. Ndiyo yote tunayoelezwa katika sura ya 4. Hata hivyo Bwana wetu alimwita mwenye haki (Mt. 23:35), na mwandishi wa Waraka kwa Waebrania alimweka wa kwanza kati ya mashahidi (Ebr. 11:4). Katika makala hii tunakusudia kuchunguza haki hiyo ni ya namna gani. Tena twataka kujua ina neno gani kwa Kanisa lililoko Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako tangu miaka ya 1970 watu wengi wasio na hatia wameuawa kwa sababu ya mikosi ya wengine au kwa ajili ya bahati ya wengine.

Haki ya Habili

Wafafanuzi wametafuta katika sadaka yenyewe sababu ya Habili kukubaliwa. Wapo wasemao kwamba damu ilimpendeza Mungu kuliko mazao ya shamba. Hoja hiyo haina nguvu, kwa maana Torati yenyewe iliagiza sadaka ya unga (Law. 2). Wengine huonyesha kwamba Habili alitoa wazao wa kwanza na sehemu zilizonona, hali habari za Kaini hazitaji jambo kama hilo. Hoja hii ina msingi katika maandiko, lakini nayo haifiki kwenye kiini. Martin Luther, katika mafundisho yake juu ya kitabu cha Mwanzo aliyoyatoa Wittenberg kati ya 1535 na 1545, alikazia mpangilio wa maneno: Mungu alimtazama kwanza Habili, ndipo akaitazama sadaka yake. Mtu hutangulia, tendo hufuata. Habili hakununua kibali kwa kondoo. Alileta kondoo kwa kuwa alimtumaini Mungu. Hayo ndiyo tuyakiriyo katika kifungu cha 4 cha Ungamo la Augsburg la 1530, kwamba mwanadamu huhesabiwa haki bure, kwa imani, kwa ajili ya Kristo.

Kaini naye alikuwa mtu wa ibada. Hatusomi kwamba aliabudu sanamu. Kosa lake lilidhihirika pale alipokataliwa. Mungu alisema naye na kumwonya (Mwa. 4:6-7), lakini yeye hakumgeukia Mungu, alimgeukia ndugu yake. Alikiona kibali kama posho inayogawiwa, ambayo mmoja akiipata mwingine amepunjwa. Basi mauaji ya kwanza yalitoka karibu na madhabahu. Jambo hili yatupasa kulikumbuka tunapoisoma historia ya nchi yetu.

Vikongwe wa Usukuma

Katika Usukuma wa zamani, mtu aliyefiwa au aliyepoteza mifugo alikwenda kwa nfumu ili aelezwe chanzo cha msiba wake. Shutuma za bulogi zilikuwapo, tena zilikuwa za hatari, wala hatutaki kuzipamba siku zile. Hata hivyo shauri lilipita mbele ya ntemi, naye aliweza kumfukuza mshtakiwa katika nchi yake badala ya kumwacha mikononi mwa wenye hasira. Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928. Mwaka 1963 utemi ulifutwa. Kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilizikusanya mahali pamoja familia zilizozoea kukaa mbalimbali, kila moja na mashamba na malisho yake. Ugonjwa na wivu vikapata jirani wa kulaumiwa karibu zaidi, na mwamuzi wa zamani hakuwapo tena.

Simeon Mesaki, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji ilitokea katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi. Lakini mwanamke aliyepika miaka arobaini kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kwa kuwa kuni zimekuwa haba, atayapata wapi macho meupe? Alihukumiwa kwa moshi wa jiko alilowalishia wanawe.

Dhahabu na bahati

Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu 1936 hadi 1966. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 wachimbaji wadogo walimiminika katika ukanda huo kwa maelfu, na baadaye ikaja migodi mikubwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Tunapenda kuwatendea haki wachimbaji wadogo: walio wengi ni watu wa jasho, na wengi ni washarika wetu. Lakini kazi yao ina jaribu lake. Mtu huweza kuchimba duara miezi mingi asione kitu, na mwenye duara la pili akapata dhahabu katika juma moja. Hapo swali la Kaini huzuka tena: kwa nini yeye, si mimi? Walikuwapo waganga walioliuza jibu.

Tangu 2007 habari za kuuawa na kukatwa viungo kwa watu wenye ualbino zilienea nchini, hasa Kanda ya Ziwa. Mwaka 2010 watafiti Deborah Bryceson, Jesper Jønsson na Richard Sherrington walichapisha uchunguzi uliohusisha mauaji hayo na hirizi za bahati katika machimbo. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu mkoani Shinyanga iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya ambayo tangu 2012 imo katika mkoa wa Geita. Lakini Februari 2015 mtoto mchanga aliporwa mikononi mwa mama yake wilayani Chato, akauawa. Hadi mwaka huo Umoja wa Mataifa ulikuwa umehesabu zaidi ya watu 70 waliouawa nchini tangu 2000.

Kikongwe aliuawa ili mkosi uondoke. Mwenye ualbino aliuawa ili bahati ije. Mzizi ni mmoja, nao ni imani kwamba ufunguo wa maisha yangu umo katika mwili wa mwenzangu. Kaini alimuua ndugu yake baada ya sadaka; katika ukanda wetu ndugu mwenyewe amefanywa kuwa sadaka.

Wajibu wa Kanisa

Kwanza, tuyaangalie mahubiri yetu. Mchungaji au mwinjilisti anayemwambia mgonjwa kwamba adui yake ni shangazi au jirani amefanya kazi ya mpiga ramli, hata kama amevaa kola. Tuwaombee wenye hofu, tusiwape jina la mtu.

Pili, tuiangalie sadaka. Anayefundisha kwamba sadaka kubwa hufungua mwamba wa dhahabu amemrudisha mchimbaji kwenye njia ya Kaini, na siku mwamba usipofunguka atamtafuta wa kulaumiwa. Mchimbaji asiyepata kitu ahubiriwe kwamba Mungu hakumkataa.

Tatu, tuwazike wafu kwa heshima. Imesemwa kwamba watu wenye ualbino hawafi, bali hutoweka. Zipo familia zilizolazimika kujengea makaburi kwa saruji ili mifupa isiibwe. Mchungaji asimamapo kando ya kaburi kama hilo na atamke kwamba huyu alikuwa mtu, alibatizwa, amekufa, naye atafufuliwa.

Nne, tulijibu swali la Mungu kuhusu alipo ndugu yetu. Watoto waliokusanywa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, walipata usalama, lakini kwa gharama ya kutengwa na wazazi wao. Sharika zinazowalinda watoto hawa vijijini mwao, na Wakristo wanaokubali kutoa ushahidi mahakamani, wanalijibu swali hilo kwa matendo.

Hitimisho

Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, na Mungu akaisikia (Mwa. 4:10). Aliyekuwa hana neno alipewa sauti. Damu ya Kristo hunena mema kuliko hiyo (Ebr. 12:24), kwa kuwa huleta msamaha hata kwa muuaji atubuye, lakini msamaha huo haulifuti swali aliloulizwa Kaini. Wala kisasi hakikuruhusiwa, maana Mungu alimtia Kaini alama ili mtu asimuue (Mwa. 4:15). Sura hiyo humalizika kwa kutuambia kwamba siku za Enoshi watu walianza kuliitia jina la Bwana. Nasi twaliitia jina hilo juu ya ardhi iliyokwisha kunywa damu. Basi mtu asifundishwe katika ibada zetu kumwogopa wala kumwinda jirani yake.